Kichwa Kipya kwenye Mashine ya Randa

Mninga hautaki kisu butu. Ukiupitisha kwenye mashine ya randa yenye visu vilivyochoka, nyuzi zake zinazopishana zinang'oka badala ya kukatwa, na uso wa mbao unabaki na vishimo ambavyo huwezi kuvimaliza kwa msasa bila kula unene uliokuwa umeupanga. Mvule nao una lake: ndani yake hujificha mawe, chokaa ngumu inayojijenga mti ukiwa hai, na kisu cha chuma kikikutana nayo kinatoka na pengo. Mtiki una madini ya silika, jamii ya mchanga, na hayo hula makali polepole hata kama ubao ni mnyoofu na hauna fundo hata moja. Katika miaka yangu ya useremala pale Keko, Dar es Salaam, nimeona visu vingi zaidi vikimalizwa na miti hii kuliko na misumari.

Kichwa cha visu cha kawaida, kile ambacho wengi wetu tumekuwa nacho kazini, ni shafti nene ya chuma yenye mifereji miwili, mitatu au minne. Ndani ya kila mfereji kinalala kisu kirefu kinachobanwa kwa kabari na bolti. Kikinolewa vizuri na kupangwa vizuri, kazi yake ni safi sana, na sitaki mtu adhani visu virefu ni vitu vya kutupwa. Tabu iko kwenye huko kupanga. Visu vyote lazima vichomoze kwa kiasi kimoja. Kimoja kikizidi wenzake hata kwa unene wa unywele, hicho ndicho kitakachofanya kazi na vingine vitakuwa vinakisindikiza. Mzee aliyenifundisha kazi Moshi alipanga visu vya mashine ya kunyoosha uso kwa kijiti kilichonyooka. Alikilaza juu ya meza ya kutokea mbao, akazungusha kichwa kwa mkono, kisu kikagusa kijiti na kukiburuta mbele milimita chache. Kila kisu, na kila ncha ya kisu, ilibidi iburute sawasawa. Wakati huo alikuwa haongei, na sisi wanafunzi tulijua tusimsemeshe.

Kisha kuna kunoa. Visu virefu vinataka jiwe la mashine, maji, na mtu mwenye subira. Mnoaji akiharakisha, makali yanageuka rangi ya bluu kwa joto, na hapo ugumu wa chuma umeshakwenda; utavirudisha kwenye mashine vinang'aa, lakini mbao chache tu na vimelala. Nilikuwa na oda za milango ya mninga ambazo faida yake iliishia njiani, kati ya karakana yangu na kwa mnoaji, huku vijana wamekaa na mteja anapiga simu.

Kichwa cha aina mpya kinafuata njia nyingine. Badala ya visu virefu, shafti yake imejaa visu vidogo vya mraba vya kabaidi, vilivyopangwa kwa mistari ya mshazari inayoizunguka kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa mashine nyingi kila kisu kina milimita 14 au 15 kila upande, na kinashikwa na skrubu moja katikati. Kina makali pande zote 4. Upande mmoja ukichoka, unalegeza skrubu, unakizungusha robo, unakaza. Hakuna kupanga kimo, kwa kuwa kiti cha kila kisu kimeshachongwa kiwandani. Jiwe la mvule likivunja kisu kimoja, unakigeuza hicho kimoja na kazi inaendelea. Kabaidi ni ngumu kuliko chuma cha visu vya kawaida, inavumilia ile silika ya mtiki kwa muda mrefu zaidi, ingawa ikipigwa na kitu kigumu hupasuka badala ya kupinda.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Vichwa vya visu vidogo viko vya aina mbili, na kwa mbali vinafanana. Katika aina ya kwanza visu vimepangwa kwa mshazari, lakini makali ya kila kisu yanaukabili ubao moja kwa moja, kama vilivyokuwa vinafanya visu virefu. Katika aina ya pili kila kisu chenyewe kimekaa upande kidogo, hivyo makali yanaingia kwenye nyuzi kwa kukereza. Aina hii ya pili ndiyo inayoituliza mbao ya mninga. Byrd, kampuni ya Kentucky, Marekani, ni miongoni mwa zilizokifanya kichwa cha namna hii kijulikane kwa mafundi wengi kupitia kile inachokiita Shelix; leo viwanda vya Taiwan na China navyo vinatengeneza vya kwao.

Mashine yangu ni ya inchi 15, ya lile umbo lililotoka viwanda vya Taiwan na kuuzwa duniani kwa rangi na majina mengi. Niliinunua ikiwa imetumika, imekuja kwenye kontena kutoka Uingereza, na hilo lilinifaa kwa sababu umeme wa kule ni wa hezi 50 kama wa kwetu. Anayeletewa mashine kutoka Marekani aangalie kwanza kibati cha mota. Mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikifika hapa inapungukiwa sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake, na kichwa kinapungukiwa pamoja nayo, kiwe cha visu vya aina gani. Kabla hata hujafika huko, kuna suala la volti 110 au 220.

Nilipoamua kwamba visu virefu vimenichosha, njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiuza mashine ile na kuongeza pesa ninunue mpya iliyofungwa kichwa cha visu vidogo tangu kiwandani. Ya pili ilikuwa kuagiza kichwa peke yake na kukifunga mwenyewe. Kichwa peke yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, kilikaribia nusu ya bei ya mashine mpya ya kawaida. Mtu akiniambia alibadilisha kichwa ili kuokoa pesa, namwuliza ile mashine ya zamani angeiuza kwa kiasi gani, maana hapo ndipo hesabu inapoamuliwa.

Mimi nilichagua kufunga mwenyewe, na sababu ya kwanza ilikuwa beringi. Zile za zamani zilikuwa zimeshaanza kulia. Kichwa kingetoka tu, nitake nisitake, kwa hiyo kazi ngumu ya kukitoa nilikuwa nimeshaikubali. Sababu ya pili ni kwamba mwili wa mashine ulikuwa mzima: meza ya chuma cha kusubu imenyooka, nguzo zake hazichezi, gia hazina meno yaliyokatika. Kama kimoja kati ya hivyo kingekuwa kibovu nisingeweka kichwa kipya juu yake hata ningepewa bure, kwa sababu kichwa hakinyooshi meza iliyopinda. Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote kwangu. Pale Keko hakuna fundi wa kiwanda atakayekuja na begi lake mashine ikilala. Atakayeifungua ni mimi au vijana wangu. Nilitaka tuifungue siku tuliyoichagua wenyewe, kwa utulivu, kabla haijatulazimisha katikati ya oda.

Kazi ilianza kwa kuchomoa plagi na kuiweka juu ya benchi, mahali ambapo kila mmoja wetu anaiona. Kisha tukatoa visu vya zamani kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kichwa chenye visu kinakata mkono hata kikiwa kimesimama. Kijana mmoja nilimpa simu apige picha kila hatua, na kila bolti iliyotoka iliingia kwenye kikopo chenye jina la mahali ilipotoka. Tukatoa mikanda na puli upande wa mota. Upande wa pili shafti inaingia kwenye kisanduku cha gia zinazozungusha rola, kwa hiyo mafuta ya gia yalimwagwa kwenye dumu kwanza. Chini ya kichwa tuliweka ubao mnene wa paina, ili kikiachia kisiangukie meza. Kikatoka kwa kugongwa taratibu kupitia kipande cha mbao, kwa zamu, huku na huku.

Beringi mpya nilinunua kwa kusoma namba zilizochongwa kwenye zile za zamani, na nikazipeleka pamoja na kichwa kwa fundi wa mashine Gerezani. Karakana yangu haina presi, na kazi hii haitaki ujanja. Aliziweka kwenye mafuta ya moto, kama nyuzi 100 hivi, pete ikatanuka kidogo, ikateleza kwenye shafti bila kupigwa. Kijana wangu alikuwa na hamu ya kusaidia, akainua nyundo ya plastiki.

"Mdogo wangu, subiri," fundi akamwambia. "Ukiiweka kwenye shafti, nguvu ipite pete ya ndani. Ukiiweka kwenye nyumba yake, ipite pete ya nje. Ukichanganya, goroli ndizo zinazolipa."

Maneno hayo yamesaidia karakana yangu kuliko kitabu chochote cha mashine nilichowahi kushika. Beringi iliyopigwa vibaya haiharibiki siku hiyo. Inazunguka vizuri mbele ya macho yako, inakuaga vizuri, halafu baada ya muda inaanza kulia, na wewe unamlaumu aliyekuuzia.

Kichwa kipya kilikuwa kimekuja na visu vyake vimeshafungwa, kimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Tulikifuta, tukapitia skrubu moja baada ya nyingine kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Karatasi ya kiwanda ilitaka nyutoni mita 5 hadi 6, na hicho ni kiasi kidogo kuliko mkono wa fundi unavyotaka kwa mazoea. Ukizidisha, kabaidi inapasuka. Ukipunguza, kisu kinajigeuza kikiwa kazini. Na chini ya kisu pasibaki hata chembe ya maranda, kwa kuwa chembe hiyo inakinyanyua kisu kile na kukifanya kichore mstari kwenye kila ubao unaopita.

Sehemu iliyodai subira zaidi ilikuja baada ya kichwa kukaa mahali pake. Watu hudhani ukishafunga bolti ya mwisho kazi imekwisha. Duara ambalo makali mapya yanalichora halikuwa sawa kabisa na la visu vya zamani, kwa hiyo rola za kuingiza na kutolea mbao, pamoja na kile chuma kinachovunja maranda mbele ya kichwa, vilitakiwa kupangwa upya kulifuata. Rola inatakiwa ishuke chini ya makali kwa kiasi kisichofika milimita moja. Ikishuka mno, ncha za ubao zinaliwa. Ikiwa juu mno, ubao unasimama katikati na kichwa kinausaga palepale. Tulipima kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka jua likatuacha, na kesho yake tukaendelea. Mashine ikawashwa kwanza bila mbao, nikaweka kiganja kwenye nyumba za beringi kusikiliza joto. Ilipotulia ndipo tukapitisha paina, kisha mninga.

Nilichagua ubao wenye nyuzi mbaya kwa makusudi, ule ambao kwa visu virefu ungetoka umechanika karibu na fundo. Ulitoka mzima. Tuliugeuza tukaupitisha kinyume cha nyuzi, ukatoka mzima tena. Mlio wa zamani, ule wa kukata masikio, haukuwepo. Ulibaki mvumo wa kichwa na sauti ya mota. Karakana za Keko zimekaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na jirani mwenye mtoto mchanga aliona tofauti kabla sijamwambia lolote. Hata hivyo vizuizi vya masikio havijatoka kwenye vichwa vyetu. Kelele ya desibeli 85 kwa siku nzima ya saa 8 ndiyo mpaka ambao wataalamu wa usalama kazini huuweka, na mashine ya randa ikiwa inakula mbao inaweza kuuvuka hata ikiwa na kichwa tulivu.

Maranda nayo yalibadilika. Visu virefu vilitoa vipande vipana vinavyojikunja na kuziba bomba la kunyonya. Visu vidogo vinatoa vipande vifupi vinavyopita kwa urahisi. Lakini bila bomba la kunyonya, vipande hivyo vinarudi chini ya rola na kugandamizwa kwenye uso wa ubao, vinaacha alama. Kwa hiyo hesabu ya kichwa ihusishe na kinyonya vumbi. Ningekisisitiza hata kama alama hizo zisingekuwepo, kwa sababu IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga linawasha pua na kifua muda mrefu kabla ya saratani. Vijana wetu wanalivuta kila siku. Hilo linanihuzunisha kuliko visu vyote vilivyowahi kuvunjika.

Kichwa hiki hakifanyi kila kitu. Kinadai nguvu zaidi ya mota, kwa kuwa wakati wote kuna kisu kinachogusa mbao. Kwangu, kwa mota ya nguvu za farasi 3, mninga mpana naupunguza kidogo kidogo, pungufu ya nilivyokuwa nikila kwa visu virefu vipya. Ukiulaza ubao kwenye mwanga wa pembeni utaona mawimbi madogo sana, nayo vanishi huyatangaza. Meza ya kulia chakula bado inapitishwa randa ya mkono au msasa kabla ya kupakwa. Anayetafuta mashine itakayomwondolea kazi hiyo hajaipata.

Rafiki yangu wa kazi, anayefunga makabati majumbani, alibadilisha kichwa kwenye mashine ndogo ya randa ya kubebeka. Kwa mashine hizi ndogo kichwa kinaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe, na mota yake ni ya brashi, inayopiga kelele yake hata kichwa kikiwa kimya. Ubora wa uso wa mbao ulipanda sana, hilo sikatai. Lakini umeme ukishuka jioni, mota ilikuwa inahema. Ilimbidi apunguze upana wa mbao anazopitisha, na baadaye akaamua kazi pana azilete kwangu. Kwa pesa ile, kwa maoni yangu, angeanza kuweka akiba ya mashine kubwa.

Mdogo wangu aliyeko Mwanza yeye alikuwa anaanza karakana, hana mashine ya zamani ya kuiokoa. Nilimshauri anunue mpya iliyofungwa kichwa tayari kiwandani, na sijawahi kujuta kumshauri hivyo. Alifungua kasha, akasafisha mafuta ya kuzuia kutu, akapitisha mbao. Rola zilikuwa zimepangwa kulingana na kichwa kilekile, mota imechaguliwa kwa mzigo ule, na dhamana ilisimama, wakati kwa aliyefungua mwenyewe mara nyingi dhamana huondoka na bolti ya kwanza. Miezi iliyofuata mbao zake zikaanza kutoka na mstari mmoja mrefu. Akanipigia simu, "Kaka, mashine mpya imeshaharibika." Kwake hakuna aliyewahi kulegeza skrubu ya kisu hata moja. Nilimwelekeza kwa simu: achomoe plagi, afuate mstari mpaka kwenye kisu chake, akitoe, asafishe kiti kwa brashi, akirudishe. Ilikuwa kazi ya muda mfupi, lakini alikuwa ameshaisimamisha karakana siku nzima akiogopa kugusa. Tangu hapo humwambia kila kijana anayemwajiri aondoe na kurudisha kisu kimoja mbele yake kabla hajaruhusiwa kupitisha ubao.

Msimamo wangu ni huu. Unayenunua mashine mpya, nunua iliyofungwa kichwa cha visu vidogo kiwandani, hata kama itakubidi usubiri uongeze pesa. Kununua ya visu virefu kwa nia ya kuibadilisha baadaye ni kulipia kichwa mara mbili. Uliye na mashine nzito, iliyonyooka, ambayo beringi zake zimeanza kulia, badilisha mwenyewe, na uwaite vijana wako wote siku hiyo. Mwenye mashine ndogo ya kubebeka anunue visu virefu vya ziada na ajifunze kuvinoa.

Na kabla ya kutoa pesa, iwe kwa kichwa peke yake au kwa mashine nzima, mwombe muuzaji afungue kifuniko. Usishangae wingi wa visu. Hesabu ni visu vingapi vinapita mahali pamoja pa ubao kwa mzunguko mmoja, maana uso laini unatokana na idadi hiyo. Shafti ya visu virefu 3 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika inakata mara 15,000. Ubao ukipita mita 6 kwa dakika, kuna mkato mmoja kila milimita 0.4. Kichwa cha bei rahisi chenye visu vingi vilivyotawanywa kinaweza kuwa na safu mbili tu kwa kweli, na hapo umerudi nyuma. Angalia kama makali yamekaa upande au yanaukabili ubao moja kwa moja. Mwisho uliza vipimo vya kisu kimoja na mahali vinapouzwa vya akiba. Muuzaji akishindwa kukujibu hilo la mwisho, rudisha pesa mfukoni uende duka lingine.